Hakuna sindano ya kulinda ubongo baada ya moyo kusimama, ila kuna haya

Mkuu, pole sana na ya mzee. Umeuliza ni sindano gani ya kulinda ubongo mkaitafute, maana moyo ulisimama, ukarudishwa, na leo siku ya pili hajafumbua macho. Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya mahututi, mwaka wa kumi na moja huu, na swali hilo naulizwa koridoni kila mara. Sindano hiyo haipo. Hamfichwi kitu.

Si kwamba haijatafutwa. Thiopentali, dawa ya usingizi, ilijaribiwa, majibu yakatoka 1986: haikusaidia. Magnesiamu na diazepamu, 2002, hola. Gesi ya zenoni ilitia moyo mwaka 2016, picha za MRI zikaonyesha ubongo umeumia kidogo zaidi, lakini haikuthibitika kwamba wagonjwa wanapona zaidi. Tatizo ni kwamba ubongo huumia mara mbili: damu inapokatika, halafu tena inaporudi, kalsiamu ikifurika ndani ya seli na sumu za oksijeni zikizagaa. Dawa moja huziba tundu moja.

Kinachofanyika kitandani hakina mbwembwe. Presha isianguke, oksijeni kwenye damu ikae asilimia 94 hadi 98, degedege ikitokea itibiwe. Na homa! Zamani tulikuwa tunapoza mwili hadi nyuzi 33. Utafiti mkubwa wa 2021 haukuona faida yake kuliko kuzuia tu joto lisipite 37.7 hivi. Usiku mzima kazi yangu ni kukodolea macho namba hiyo.

Sasa, zile dawa mnazoziona kwenye pampu, ile nyeupe kama maziwa ni propofoli, ni za usingizi tu. Zinamtuliza kwenye mashine ya kupumulia, lakini pia zinadanganya: mtu anaonekana kama hataamka, kumbe ni dawa. Kuna mama mmoja, siku ya pili daktari mwenye haraka aliwaambia wanawe "hapa hamna kitu". Figo zake zilikuwa dhaifu, midazolamu, nayo dawa ya usingizi, ikawa haitoki mwilini. Usiku wa nne nikimsafisha kinywa, akaning'ata kijiti cha sponji, hakuachia. Siku ya sita alimtambua binti yake. Wengine, sitakudanganya, hawakuamka hata dawa zilipokwisha.

Kwa hiyo hela ya sindano iache. Kesho muulize daktari dawa za usingizi zilizimwa saa ngapi, na kama figo na ini vinafanya kazi. Akikupa hukumu kabla ya saa 72 tangu moyo urudi, omba mzee apimwe tena.