Mstari Mmoja Niliougusa kwenye Apache

Tovuti ya duka la vipuri vya pikipiki, niliyoiendesha kwa Apache (programu ya seva inayotuma kurasa za tovuti), picha hazionekani, kila ukibofya ni 403, yaani umekataliwa. Saa sita usiku. Picha zilikaa `/srv/picha`, nje ya folda ya tovuti. Nilichotakiwa ni kuruhusu folda hiyo tu. Usingizi umenishika, nikaenda kwenye sehemu ya mipangilio inayotawala diski nzima, `<Directory />` nikageuza `Require all denied` (kataza wote) kuwa `Require all granted` (ruhusu wote). Picha zikatokea, nikalala.

Septemba 2021 likatoka toleo la Apache 2.4.49. Mimi wa kusasisha mapema (sifa hizi!) nikaliweka kwenye seva zangu mbili. Tarehe 4 Oktoba ikatangazwa kwamba lina tundu la usalama, lililopewa namba CVE-2021-41773. Apache humzuia anayeandika `../` (panda folda moja juu) kwenye anwani ili atoke nje ya folda ya tovuti. Toleo hilo lilibadilisha namna ya kusafisha anwani, na nukta ya pili ukiiandika `%2e` (nukta ile ile kwa msimbo), ilipenya.

Nikafungua logi (kumbukumbu za maombi) za seva ya duka, nikakuta mtu ameomba `/etc/passwd`, faili la orodha ya watumiaji wa seva:

`GET /cgi-bin/.%2e/.%2e/.%2e/.%2e/etc/passwd`

Mwishoni: 200, yaani alipewa. Kwenye seva ya pili ambayo sikuwa nimeugusa ule mstari, ombi lile lile limejibiwa 403. Toleo ni lile lile.

Kwa hiyo ukikagua yako, anza na `apachectl -v`, kisha tafuta `%2e` kwenye logi na uangalie namba ya jibu, maana majaribio yenyewe utayakuta mengi tu. Usiishie 2.4.50 iliyotolewa kuziba tundu, kiraka kile kilikwepwa kwa kuficha nukta mara mbili, ikabidi 2.4.51 itoke tarehe 7. Na kama mod_cgi (moduli ya kuendesha programu kwenye seva) ilikuwa imewashwa, usihangaike kusafisha: sakinisha seva upya, kwa sababu hapo mtu hakusoma tu, aliweza kuendesha amri. Yangu ilikuwa imezimwa. Bahati, si akili.

Wengi husema `/etc/passwd` siku hizi haina nywila, basi hakuna hasara. Lakini aliyeifikia hiyo aliweza kufikia chochote ambacho Apache inaruhusiwa kusoma. Kwangu kulikuwa na `.env`, faili la mipangilio lenye nywila ya hifadhidata, na nakala ya oda za wateja niliyoisahau `/home`, na namba zao za simu. Nikabadili nywila zote, nakala nikaihamisha, mstari nikaurudisha, `/srv/picha` nikaiandikia ruhusa yake peke yake.

Asubuhi nikampigia mwenye duka nikamweleza yote, pamoja na zile namba za wateja. Akanyamaza kidogo.

"Sawa fundi. Ila picha zitaendelea kuonekana?"