Sensex, Nifty na hizo pointi: jibu refu kwa aliyeuliza kuhusu indeksi za soko la hisa India

Mkuu, nimeona watu wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja na mwingine kakwambia ni kamari tu achana nayo, mi naona swali lako zuri na linastahili jibu lenye nyama. Umesema umeona habari kwamba Sensex imeshuka pointi 700 na Nifty imeshuka pointi 200 siku hiyohiyo, ukauliza kama hayo ni masoko mawili tofauti na mbona moja limeumia kuliko lenzake, halafu mwishoni ukagusia kuna jamaa anataka kukuuzia signo za Bank Nifty, yaani ujumbe wa kukwambia lini ununue na lini uuze. Nitagusa yote. Mi nilisoma Pune, mji wa India, nikakaa kule miaka kadhaa, na sasa hivi naagiza spea za pikipiki kutoka India kwahiyo rupia na soko lao nafuatilia muda wote.

Mumbai kuna masoko mawili makubwa ya hisa. La kwanza ni BSE (Bombay Stock Exchange), lipo tangu 1875, ndo la zamani kuliko yote Asia, lipo pale Dalal Street. La pili ni NSE (National Stock Exchange), hili lilianza kuuza hisa 1994 na lilikuja na kompyuta tangu siku ya kwanza, leo biashara kubwa inapita humo. Angalizo dogo, ukitafuta "NSE" kwenye Google ukiwa huku Afrika Mashariki unaweza kuletewa Nairobi, hilo ni soko lingine kabisa, mi nimeshaona watu wanabishana bei huku mmoja anasoma ya Nairobi mwingine ya Mumbai.

Sasa kampuni kubwa za India zimeorodheshwa kote kuwili, Reliance ipo BSE na ipo NSE, na bei zake zinafanana karibu kabisa kwa sababu zikiachana kidogo tu kuna watu wananunua kwenye rahisi wanauza kwenye ghali mpaka zinalingana. Indeksi ni namba moja inayoonyesha bei za hisa za kundi fulani la kampuni zinatembeaje kwa pamoja. Sensex ni indeksi ya BSE inayobeba kampuni 30. Nifty 50 ni ya NSE na inabeba 50. Hizo 30 za Sensex karibu zote utazikuta ndani ya Nifty, kwahiyo ukiziweka kwenye chati moja zinatembea pamoja.

Mbona namba zimeachana hivyo? Ni pa kuanzia tu. Sensex ilizinduliwa 1986 ila wakairudisha nyuma hesabu mpaka mwaka 1978-79 wakasema hapo ni 100. Nifty ilizinduliwa 1996 na wao wakasema tarehe 3 Novemba 1995 ni 1,000. Moja imepanda kutoka 100 ikafika zaidi ya 80,000 mwaka 2024, nyingine kutoka 1,000 ikagusa 26,000 na ushee mwaka huohuo. Kwahiyo pointi 700 kwenye 80,000 ni asilimia 0.9 hivi, na pointi 200 kwenye 24,500 ni asilimia 0.8. Hakuna lililoumia zaidi, ni siku ileile moja.

Na hapa naomba unielewe vizuri maana waandishi wa habari wanapenda sana pointi. Tarehe 28 Aprili 1992, wakati kashfa ya dalali wa hisa Harshad Mehta imelipuka, Sensex ilishuka pointi 570. Tarehe 4 Juni 2024, siku ya matokeo ya uchaguzi ambapo chama cha Modi kilikosa wingi wa kutosha peke yake, ilishuka pointi 4,390. Ukisoma pointi utasema 2024 ilikuwa balaa mara saba zaidi. Ila ile 570 ilikuwa karibu asilimia 12.8 ya soko lote la kipindi kile na ile 4,390 haikufika hata asilimia 6. Na tarehe 23 Machi 2020, korona imeingia, ilishuka pointi 3,935 ambayo ni asilimia 13 na zaidi, yaani pointi chache kuliko za 2024 ila pigo mara mbili. Siku hiyo walisimamisha soko, maana kule indeksi ikitembea asilimia 10 biashara inasimama nchi nzima kwa muda, ikifika 20 wanafunga mpaka kesho.

Kwahiyo pointi weka pembeni, soma asilimia. Lakini hata asilimia haitoshi, na hili ndo nililojifunza kwa mzee mwenye nyumba niliyopanga Pune. Tulikuwa tunamwita Uncle-ji, mstaafu wa reli, alikuwa na hisa zake chache na kila jioni anasoma ukurasa wa soko na chai yake. Mimi nikimwambia "Uncle-ji, leo imeshuka" yeye haulizi imeshuka ngapi, anauliza "nani ameishusha?" Mwanzo sikuelewa, nilijua soko likishuka limeshuka wote.

Indeksi hizi hazigawi nguvu sawa kwa kila kampuni. Wanachofanya wanachukua hisa za kampuni ambazo ziko huru sokoni, yaani wanatoa zile zilizoshikwa na waanzilishi au serikali ambazo haziuzwi uzwi hovyo, wanazidisha na bei ya leo. Wanajumlisha kampuni zote, wanagawa kwa thamani ya siku ile ya msingi, wanazidisha na ile 1,000 au 100 ya mwanzo. Kampuni ikigawanya hisa zake au ikiuza mpya wanarekebisha kile kigawanyio ili namba isiruke bure. Sensex ilihamia mfumo huu wa hisa huru 2003, Nifty 2009.

Matokeo yake ni makubwa kuliko inavyosikika. Chukua LIC, lile shirika la bima la serikali, liliingia sokoni Mei 2022 kwa kuuza asilimia 3.5 tu, nyingine 96.5 zikabaki kwa serikali. Kwa thamani nzima lile ni jitu, limezidi kampuni nyingi zilizomo ndani ya Nifty, ila kwa sababu hisa huru ni kiduchu halimo. Au TCS, kampuni ya Tata ya kompyuta, kwa miaka mingi ilikuwa kati ya mbili tatu kubwa kuliko zote India, ila zaidi ya asilimia 70 imeshikwa na Tata Sons, ndo maana ndani ya indeksi uzito wake unapitwa na kampuni ndogo kwake. Na HDFC Bank ambayo haina mwenyewe mmoja wa kuikumbatia, hasa baada ya kuungana na HDFC mama, ile kampuni ya mikopo ya nyumba, mwaka 2023, ndo imekuwa mzito wa kwanza.

Sasa angalia tarehe 17 Januari 2024. HDFC Bank walikuwa wametoa matokeo ya robo mwaka siku moja kabla, wawekezaji hawakuyapenda, hisa ikaporomoka zaidi ya asilimia 8 siku moja. Sensex ikashuka pointi 1,628, asilimia 2.2 hivi. Mtu wa mbali anasoma "soko la India laporomoka" anadhani kuna vita au serikali imeanguka, kumbe sehemu kubwa ya lile anguko ni benki moja na benki wenzake walioburutwa nayo, kampuni za kompyuta siku ileile zilikuwa zinapanda. Swali la Uncle-ji ndo hilo.

Kuhusu nani anaingia na nani anatoka, Nifty wanapitia orodha mara 2 kwa mwaka, mabadiliko yanaanza mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Wanaangalia ukubwa wa hizo hisa huru na kama hisa inauzika kirahisi hata kwa oda kubwa bila kuyumbisha bei. Ni kama ligi, wa chini anashuka daraja. Hindustan Motors waliokuwa wanatengeneza zile Ambassador walikuwemo kwenye Sensex ya mwanzo, leo hata gari lenyewe halitengenezwi tangu 2014. Satyam, kampuni ya kompyuta, ilitolewa Januari 2009 mwenyekiti wake alipokiri vitabu vya hesabu vilipikwa. Yes Bank ilitolewa kwenye Nifty Machi 2020 ilipokwama. Kwahiyo mtu akikuonyesha grafu ya kutoka 100 mpaka 80,000 akakwambia "hisa za India zinapanda tu", ujue ile grafu inawatupa wagonjwa njiani na kuchukua wazima, aliyeshika hisa ya Satyam mkononi hakupandishwa na Sensex.

Vitu viwili vingine kwenye grafu hiyo. Namba unayoona kwenye habari haina gawio ndani yake, kuna toleo lingine linalohesabu gawio limerudishwa kununua hisa, na tangu 2018 SEBI, mamlaka yao inayosimamia masoko ya hisa, imelazimisha mifuko ya uwekezaji ijipime na hilo, maana zamani walikuwa wanajisifu kuishinda indeksi kumbe wamesaidiwa na gawio. Na cha pili, kwa mtu wa nje kama mimi na wewe, rupia. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa karibu rupia 8, 2024 ilikuwa 83 na kitu. Mara 800 ya rupia inageuka kama mara 80 kwa dola. Bado ni kubwa sana, ila sio hadithi ileile.

Haya, Bank Nifty. Hii ni indeksi ya benki tu, na kwa miaka mingi HDFC Bank na ICICI Bank peke yao walibeba karibu nusu yake. Jamaa yako hakuuzii hisa za benki, anakuuzia ubashiri wa opsheni, yaani unalipia haki ya kununua au kuuza indeksi kwa bei fulani ifikapo tarehe fulani, tarehe ikifika na soko halijafika ulikobashiri, ile hela uliyolipia inaisha yote. SEBI walitoa ripoti Septemba 2024, walifuatilia watu binafsi zaidi ya milioni 10 kwa miaka 3, asilimia 93 walipata hasara, jumla yake imepita rupia trilioni 1.8. Naomba usome hiyo sentensi mara mbili kabla hujatuma hela. Hao ni Wahindi walioko kulekule, wanaoijua HDFC Bank kwa sura.

Na wanaocheza upande wa pili sio wenzako. Julai 2025 SEBI walitoa amri dhidi ya kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa inaitwa Jane Street wakazuia rupia bilioni 48, wakiituhumu kwamba asubuhi ilikuwa inanunua hisa za benki kwa nguvu indeksi inapanda, huku imeshika opsheni kubwa za upande wa kushuka, halafu mchana inauza zile hisa. Mfano mkuu waliouweka kwenye amri hiyo ni ileile tarehe 17 Januari 2024. Jane Street wamekana na wakaenda kupinga, kesi ni yao. Ila umeona, mwenye hela anaweza kusukuma wazito wachache na indeksi nzima ikafuata, wewe uliye na signo ya simu unaona mshale wa kijani tu. Baadaye SEBI wakaagiza kwenye indeksi kama hiyo kampuni moja isizidi asilimia 20 na tatu za juu zisizidi 45, na opsheni za kila wiki za Bank Nifty zilishafutwa tangu Novemba 2024. Jamaa akikwambia anazo za kila wiki muulize anazipata soko gani.

Kama nia yako ni kununua kweli, kwa miaka mingi mtu binafsi wa nje aliyeruhusiwa kununua hisa moja kwa moja ni mwenye asili ya India, yaani NRI (raia wa India anayeishi nje) au mwenye kadi ya OCI (mwenye asili ya India ila raia wa nchi nyingine), ndugu zetu Wahindi wengi wa Dar na Mombasa wanaijua hiyo njia. Wengine tulibaki na mifuko inayofuata indeksi iliyoorodheshwa nje, kama ile ya iShares ya Marekani inayofuata indeksi ya MSCI India, ambayo nayo ni orodha tofauti na Nifty japo wazito wa juu ni walewale.

Kufuatilia ni bure. Soko linafunguliwa saa 3:15 asubuhi kwa saa zao, sisi inakuwa saa 12:45 asubuhi, na linafungwa saa 7 mchana kwa saa zetu. NSE wanatoa karatasi ya Nifty 50 kila mwezi kwenye tovuti yao, kurasa chache tu, ina kampuni 10 za juu na asilimia ya kila moja. Pakua hiyo, siku ukisikia tena pointi 700 fungua angalia bei za hao kumi, Bharti Airtel nayo imo humo, ndo mama wa hii Airtel tunayoweka vocha. Ukikwama kwenye hesabu ya hisa huru niandikie hapahapa nitakuwekea mfano wa namba.