Kupiga hewa kila mpira unaozama

Kaka, umesema unachezea MLB The Show, gemu ya besiboli, kwenye kibanda cha gemu pale Umoja, na kila slaida (mrusho unaopinda na kuzama ukikaribia) ikija unapiga hewa. Kabla ya kulaumu vidole, mwombe mwenye kibanda awashe hali ya gemu kwenye TV. Bila hiyo, picha huchelewa nyuma ya pedi, na wewe utaonekana mzembe bure.

Sasa ugonjwa wenyewe: unafukuza mipira iliyo nje ya boksi, yaani eneo halali la kupigia. Ingia sehemu ya mazoezi, chagua mrushaji mwenye slaida, kisha acha mipira 20 ipite bila kugusa kitufe. Kila mmoja uutaje kwa sauti kabla haujafika: ndani au nje. Inachosha, lakini jicho ndilo linalofunzwa hapo, mkono utafuata. Kumbuka mipira minne ya nje inakupa besi ya bure, yaani unaenda kituo cha kwanza bila kupiga.

Baada ya hapo piga mipira ya ndani tu. Ukikosa, soma maandishi yanayotokea baada ya kupiga. Kama kila mara unaambiwa umewahi, unasubiri mpira wa kasi kwa kila mrusho. Kama umechelewa, unangoja mno kuona.

Kwenye PlayStation, achana na kitufe cha mraba, kile cha kupiga kwa nguvu. Nguvu zinaongezeka, ndiyo, ila eneo la kugusa mpira linapungua, nawe bado hujalenga vizuri. Tumia X, pigo la kawaida. Ukishafikisha straiki mbili (ya tatu unatoka), hamia duara, linalorahisisha kugusa mpira, uokoe nafasi.

Kurusha tutazungumza ukiuliza.