Kubadili au Kuchanganya Dawa za Kupaka za Nywele: Jambo Moja kwa Wakati Wake

Watu wanaopoteza nywele na ambao tayari wameanza kutumia dawa ya kupaka huniuliza maswali mawili kuliko mengine yote: je, naweza kuiacha hii nikaanza ile, na je, naweza kuzipaka zote mbili pamoja? Mara nyingi jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Lakini namna unavyobadili au unavyochanganya ina uzito kuliko dawa unayoichagua, na hapo ndipo nimeona wengi wakipoteza nywele ambazo walikuwa wameshazipata. Mimi nilianza na minoksidili ya maji, dawa inayohimiza nywele kukua, nikahamia ya povu, na baadaye nikaongeza finasteridi ya kupaka, inayopunguza homoni ya upara, chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi. Kila hatua niliifanya peke yake, nikaipa muda wake, kisha ndipo nikafikiria inayofuata. Ushauri wangu wote umesimama juu ya utaratibu huo.

Sababu yake iko katika jinsi nywele zinavyoishi. Kila unywele wa kichwani hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, ukapita katika kipindi cha mpito cha wiki chache, kisha ukapumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya kung'oka na kuupisha mwingine. Maana yake ni kwamba nywele unazoziokota leo kwenye mto au kwenye chanuo zilikwisha kuingia mapumzikoni miezi kadhaa iliyopita. Mtu anayebadili dawa leo, akaona nywele zikidondoka kwa wingi wiki ijayo, akailaumu dawa mpya, huenda anailaumu kwa jambo lililoanza kabla hajaifungua chupa. Na anayebadili vitu vitatu kwa mwezi mmoja hatajua kamwe kipi kilimsaidia na kipi kilimdhuru, hata kama nywele zitarudi.

Minoksidili yenyewe huongeza utata huu. Katika wiki za mwanzo, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8, watumiaji wengi hunyonyoka nywele zaidi ya walivyozoea. Dawa huzihimiza nywele zilizokuwa zimepumzika ziachie nafasi mapema ili mpya zianze kukua, kwa hiyo zile za zamani hutoka kwa pamoja badala ya moja moja. Jambo hili linatisha, nami silidharau hata kidogo, kwa kuwa hakuna kinachomvunja moyo mtu kama kuona dawa ya nywele ikizidisha upungufu wa nywele. Hata hivyo, kuiacha dawa katika kipindi hicho na kukimbilia nyingine ni kujirudisha mwanzo. Ipe minoksidili miezi 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu, na mwaka mzima kabla ya kusema kwamba umeona yote inayoweza kukupa.

Sasa tutenganishe aina mbili za kubadili, kwa sababu watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubadili umbo la dawa ileile, na ya pili ni kubadili dawa yenyewe.

Kuhama kutoka minoksidili ya maji kwenda ya povu ni badiliko la aina ya kwanza, na ni jepesi. Minoksidili ya maji kwa kawaida huyeyushwa kwa pombe pamoja na propilini glaikoli, na hii ya mwisho ndiyo inayowaletea wengi muwasho, wekundu na magamba ambayo hudhaniwa kuwa mba. Alama niliyoitazama kwangu ni mahali muwasho ulipotokea: ulifuata mkondo wa maji ya dawa, ukashuka hadi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, sehemu ambazo sikuzipaka kwa kukusudia. Mba halisi haufuati mkondo wa dawa. Povu kwa kawaida halina propilini glaikoli, kwa hiyo daktari aliniruhusu kuhama siku ileile bila kuacha pengo, kwani kiambato chenye kazi hakikubadilika. Ngozi ilitulia.

Povu lina adabu zake. Huyeyuka mara tu linapogusa ngozi yenye joto, kwa hiyo ukilimimina kwenye kiganja litageuka maji kabla hujalifikisha kichwani. Osha vidole kwa maji ya baridi, vikaushe vizuri, toa kiasi cha nusu ya kifuniko, kisha zigawe nywele kwa mistari na ulipake kwenye ngozi, si kwenye nywele. Nywele zenyewe hazihitaji dawa hii. Inayoihitaji ni mizizi iliyo chini yake. Ngozi iwe kavu, na usioshe kichwa kwa angalau saa 4 baada ya kupaka. Iwapo muwasho utaendelea hata ukitumia povu, yawezekana mwili unaikataa minoksidili yenyewe, na hapo usiendelee kujaribu umbo baada ya umbo. Mwone daktari wa ngozi akupime.

Kupanda kutoka nguvu ya asilimia 2 hadi asilimia 5 nako ni badiliko la aina hii ya kwanza, ila lina masharti. Mwanamume hupaka asilimia 5 mara 2 kwa siku. Mwanamke anayetumia povu la asilimia 5 hupaka mara 1, na akizidisha au akiacha dawa itiririke, anaweza kuota vinyweleo usoni. Wapo wanaoamini kwamba ukipaka mara mbili ya kipimo utapata mara mbili ya nywele. Si kweli, na kuna hatari. Minoksidili ilianza maisha yake kama kidonge cha kushusha shinikizo la damu, na ilikuwa ni kwa wagonjwa hao ambapo madaktari waliona nywele zikiota isivyotarajiwa. Ile ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988. Kwa hiyo mapigo ya moyo yakienda mbio, kichwa kikizunguka, kifua kikiuma au miguu ikivimba, acha dawa na umwone daktari upesi.

Badiliko la aina ya pili ndilo linalohitaji subira kubwa zaidi. Minoksidili na finasteridi hazifanyi kazi moja. Upara wa kurithi unasababishwa kwa sehemu kubwa na homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, ambayo hufanya mizizi ya nywele isinyae kidogo kidogo hadi itoe nywele nyembamba na fupi. Finasteridi hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo. Minoksidili haiigusi, bali hurefusha kipindi cha ukuaji na kuupa mzizi nguvu. Mtu anayeacha minoksidili leo na kuanza finasteridi kesho amekwenda kutoka tiba moja hadi nyingine isiyoweza kushika nafasi yake. Nywele zilizokuwa zikitegemea minoksidili zitaanza kudondoka baada ya miezi michache, na karibu zote alizozipata kwayo zitakuwa zimeondoka hata kabla finasteridi haijaonyesha uwezo wake.

Ndiyo maana nashauri kuziba pengo kwa kuzitumia zote mbili pamoja kwa muda. Usiiondoe dawa ya zamani. Iongeze mpya juu yake, uziendeshe zote mbili kwa miezi 6 hadi 12, ndipo uamue pamoja na daktari kama ya zamani bado inahitajika. Wengi, mimi nikiwemo, huishia kubaki na zote mbili, kwa sababu zinasaidiana. Isipokuwa pale ambapo dawa ya kwanza inakudhuru. Hapo huiachi kwa awamu. Unaiacha mara moja na kukubali kwamba nywele kadhaa zitaondoka nayo.

Kuhusu finasteridi ya kupaka, naomba msomaji asiichukulie kwa wepesi kwa kuwa tu haimezwi. Sehemu yake huingia kwenye damu. Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi za kupaka zinazochanganywa na wafamasia na kuuzwa kupitia mtandao, ikikumbusha kwamba haijaidhinisha yoyote ya aina hiyo, na kwamba imepokea taarifa za watumiaji waliopata kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, matatizo ya nguvu za kiume, wasiwasi, sonona na hata mawazo ya kujiua. Haya hayampati kila mtu. Lakini mtu aliyewahi kuugua sonona anapaswa kulisema hilo kwa daktari kabla ya kuanza, na anayeona moyo wake ukizama bila sababu baada ya kuanza asione aibu kulitaja. Mwanamke mjamzito au anayeweza kuwa mjamzito asiiguse kabisa, hata kwa mkono wa mwenzake au kwa foronya, kwa kuwa inaweza kuathiri ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Na mwanamume anayepimwa tezi dume amjulishe daktari, kwa sababu finasteridi hushusha kipimo cha damu kinachotumika kuichunguza, na matokeo yanaweza kuonekana mazuri kuliko hali ilivyo.

Vingine vinavyoweza kuongezwa nitavipitia kwa haraka. Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, inafaa kwa mwenye mba au mafuta mengi yanayoambatana na muwasho. Iache kichwani dakika chache kabla ya kusuuza, kausha ngozi kabisa, ndipo upake minoksidili. Tretinoini, dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, huongeza upenyaji wa minoksidili na kuamsha kimeng'enya cha ngozi kinachoigeuza kuwa katika hali inayofanya kazi, jambo linaloweza kumsaidia ambaye dawa haikumgusa, ila inachubua ngozi na siipendekezi bila daktari. Kuna pia kuchoma ngozi kwa sindano ndogo ndogo zilizo kwenye kigurudumu cha kuviringisha kichwani: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanaume 100 kwa wiki 12, na waliochanganya sindano na minoksidili walipata nywele nyingi zaidi kuliko waliotumia minoksidili peke yake. Ukifanya hivyo usipake dawa kwa saa 24 zinazofuata, kwani matundu mapya huingiza mwilini kiasi kikubwa kuliko kilichokusudiwa. Mafuta ya nywele, ukiyapenda, yaje baada ya dawa kukauka, kamwe yasitangulie. Na dawa mbili za maji zisimiminwe ndani ya chupa moja nyumbani. Mchanganyiko huo hauna uhakika wa kipimo wala wa kudumu.

Nisingependa kuliacha suala la kupima matokeo, maana kioo cha kila asubuhi hakiaminiki. Nywele mbichi huonekana chache, taa iliyo juu ya kichwa huanika ngozi yote, na siku ya pili baada ya kuosha nywele huwa na ujazo tofauti na siku ya kwanza. Mimi hupiga picha mara moja kwa mwezi, nywele zikiwa kavu, njia ikiwa imechanwa mahali palepale, mbele ya dirisha lilelile, saa ileile. Chini ya kila picha naandika dawa, kipimo, na lolote lililobadilika: homa, dawa nyingine, usingizi mbaya. Daktari wangu aliitazama kumbukumbu hiyo kwa dakika chache na akaona kilichomchukua mgonjwa mwingine maelezo ya nusu saa. Kuhesabu nywele zinazodondoka hakusaidii; kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Kwa walio na wanyama nyumbani, neno moja muhimu: minoksidili ni sumu kali kwa paka, hata kwa kiasi kidogo anachoweza kulamba kwenye nywele au mto wako. Osha mikono, acha dawa ikauke kabla ya kulala, na chupa uiweke asikoweza kufika.

Mwisho, kabla ya kuongeza dawa ya pili juu ya ya kwanza, hakikisha unatibu jambo lenyewe. Nywele zinazodondoka kichwa kizima miezi michache baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kupungua uzito ghafla mara nyingi hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingo hujulikana kwa kipimo cha damu, na hakuna povu litakaloviponya. Nywele zilizoondoka kwa kusukwa kwa kubana zinahitaji kwanza msuko uachwe. Zinazotoka kwa mabaka ya mviringo zina tiba yake tofauti, ambayo huenda ikawa ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, na steroidi hizo hazifai kupakwa kiholela na mwenye upara wa kurithi, kwani hufanya ngozi kuwa nyembamba. Na pale ngozi ya kichwa inapouma, kuungua, kutoa usaha, au kuwa laini na ya kung'aa bila matundu ya nywele, huenda mizizi inageuka kovu. Mwenye dalili hizo asisubiri ile miezi 4 niliyoitaja, wala asijaribu mchanganyiko wowote. Amwone daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, kwa sababu mzizi uliokwisha kuwa kovu hauoti tena.