Motohomu ikigongana na gari kwenye makutano Uingereza, kosa ni la nani?

Ajali ikitokea njia panda sisi wengi tunauliza nani kamgonga mwenzake, halafu tunaangalia gari lipi limebonyea mbele, basi tumemaliza kesi. Huku Uingereza hilo halikufikishi mbali. Unaweza ukagongwa wewe, ubavuni kabisa, umesimama mlangoni unatetemeka, na bado bima ikasema kosa ni lako. Au lenu wote.

Kitu cha kwanza ambacho wageni wa huku hawakijui ni kwamba trafiki haji kupima. Kule Dar mnaacha magari pale pale foleni inafika Ubungo mkimsubiri afande aje na futi yake achore ramani aseme fulani ana makosa. Huku kama hakuna majeruhi na barabara haijafungwa polisi mara nyingi hawaji kabisa, na hata wakija hawagawi lawama za fidia, hiyo ni kazi ya makampuni ya bima kubishana wenyewe kwa barua na picha, wakishindwana ndio hakimu. Maana yake wewe mwenyewe ndio afande wa kesi yako, usipokusanya ushahidi pale pale hakuna atakayekukusanyia.

Sasa motohomu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani. Mimi na familia kila kiangazi tunazunguka na hizi gari za kulala, ya kwetu ina mita 7, na wabongo wenzangu wengi siku hizi wanakodi kwenda Cornwall au Wales na watoto, tena kwa vile huku tunaendesha kushoto kama nyumbani mtu anaona ah, hii ni Hiace tu imerefuka. Siyo. Tairi za nyuma zinakata kona kwa ndani, unavyokunja kushoto zinapanda ukingo au zinakwangua ukuta, na wakati huo huo ule mkia uliobaki nyuma ya tairi unatoka nje upande wa kulia. Kwa hiyo dereva mwenye akili anatanua kidogo kulia kabla ya kukunja kushoto. Na hapo ndipo shida inapozaliwa, kwa sababu mwenye kigari kidogo nyuma yako anaona umeenda kulia, anadhani unakata kulia, anachomekea kushoto.

Ndivyo ilivyonikuta Devon. Nakata kushoto kuingia kijibarabara cha kwenda kambini, kuta za mawe pande zote mbili, indiketa ya kushoto inawaka, nimetanua, nimeanza kukunja, nasikia kwaaa. Jamaa yupo kati yangu na ukingo. Akashuka analalamika kwamba nilikuwa leni ya kulia nikamkatia njia. Bima yake ikashikilia maneno hayo hayo, halafu baadaye wakaja na ofa ya nusu kwa nusu, ambayo ndiyo ofa yao pendwa pale kila mtu anaposema lake na hakuna shahidi. (Mke wako na watoto siyo mashahidi huru, hata kama wameona kila kitu. Abiria wa upande wowote anahesabika ni mtu wa upande huo.)

Vilivyotubeba ni vitu viwili. Cha kwanza mikwaruzo. Ule mchubuko ulianzia nyuma karibu na tairi ukaja mpaka kwenye mlango wa kuingilia ndani, na mpira wa pembeni ulikuwa umevutwa kuelekea mbele. Fikiria kidogo: kama mimi ndio nilikuwa na mwendo kuliko yeye, alama zingeanzia mbele kwenda nyuma. Zilianzia nyuma kuja mbele, maana yake yeye ndiye alikuwa ananipita, kwa kushoto, kwenye makutano. Hiyo picha nilipiga kwa karibu kabla hatujasogeza magari, na nyingine kwa mbali zinazoonyesha tairi zetu zimeelekea wapi. Cha pili, nyumba ya ng'ambo ilikuwa na kengele ya mlango yenye kamera, nikaenda kugonga nikaomba kwa adabu, mama wa watu akaitafuta ile video tukiwa pale pale kibarazani. Indiketa inaonekana inawaka kabla sijatanua. Kamera hizi zinajifuta zenyewe baada ya muda, ukienda kuomba mwezi ujao utaambiwa pole.

Tukaishia 80 kwa 20, yeye 80 mimi 20. Hiyo 20 bado inaniuma ila naelewa ilikotoka. Kitabu chao cha sheria za barabarani, Highway Code, kanuni ya 221 inamwambia aliye nyuma ya gari kubwa awe tayari kusimama na kusubiri likihitaji nafasi ya kukunja. Lakini kanuni ya 182 inamwambia anayekata kushoto aangalie wanaokuja kwa kushoto kwake kabla hajakunja, hasa akiwa na gari kubwa. Kwa hiyo hata ukiwa na haki, wataulizia saiti mira yako ya kushoto uliiangalia lini.

Indiketa nayo isikudanganye. Ukiwa unatoka barabara ya pembeni, ukaona gari la barabara kuu linawasha kushoto, ukajitosa, halafu kumbe linanyoosha, sehemu kubwa ya kosa kwa kawaida inabaki kwako uliyetoka, kwa sababu ule mstari uliokatika-katika wa kukutaka upishe ulikuwa mbele yako wewe siyo yeye. Yeye atabeba kipande kwa kudanganya na indiketa.

Halafu kuna hili la kuwashiwa taa. Waingereza wana huruma na motohomu, lori linasimama kwenye foleni linakuwashia full, unatoka taratibu, mara pikipiki inayotanua nje ya foleni inakuja paa! Kuwashiwa taa siyo ruhusa, kanuni ya 111 inasema wazi usidhani ni ishara ya kupita, uamue mwenyewe. Ila usikariri kwamba aliyetoka ndio mkosaji siku zote. Kwenye kesi ya Powell dhidi ya Moody ya 1966 mwenye gari alitoka hivyo hivyo, dereva wa tangi la maziwa kampa ishara, pikipiki iliyokuwa inapita foleni ikamvaa, na mwenye pikipiki akabebeshwa asilimia 80. Kesi za baadaye hazikutoka zote hivyo, mahakama inaangalia mwendo, nafasi, nani alichungulia kiasi gani.

Ila mkia wako ukikwangua gari lililosimama pembeni yako kwenye taa, hapo ndugu yangu lipa tu usipoteze muda, aliyesimama hana alichokosea.

Pale kwenye tukio: simama, hiyo ni sheria, mpeane majina, anwani na namba za gari. Msipopeana una saa 24 za kuripoti polisi, na hata hizo ni mwisho, wanataka mapema iwezekanavyo. Mpe mwenzio pole kibinadamu, muulize kama kaumia, lakini mambo ya "kosa langu bwana" yaache, hujaiona picha yote bado. Na chora. Hata kwa biki nyuma ya risiti, mistari ilipo, ukingo ulipo, wewe ulipo.

Bima yako mwenyewe ikikubali mgao usioukubali, waandikie malalamiko rasmi, wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho, na ukishalipata una miezi 6 ya kwenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachosikiliza malalamiko ya wateja dhidi ya bima na benki, bila kulipa senti. Hao hawatatangaza nani alikuwa na kosa barabarani, wanaangalia kama bima yako ilipitia ushahidi vizuri au ilijiamulia tu, kwa hiyo waonyeshe ile picha au video ambayo haikuangaliwa.

Waliokodi, soma eksesi kabla hujachukua funguo, kile kiasi unachokatwa wewe kwanza. Mara nyingi wanakikata siku hiyo hiyo unaporudisha gari, ubishi wa nani ana kosa unaendelea huko nyuma na pesa yako iko kwao, kwa hiyo waulize kwa maandishi utarudishiwa vipi upande wa pili ukikubali kulipa.