Kabla ya Kumchagua Kiongozi, Kubalianeni Namna ya Kupiga Kura

Tangu nichaguliwe mwenyekiti wa chama chetu cha akiba na mikopo, nimepokea pongezi nyingi, na pamoja nazo swali la msomaji ambaye kikundi chao kina wagombea watatu: watumie njia gani ya kupiga kura? Jibu langu ni kura ya siri, na mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa.

Mara ya kwanza nilipogombea, tulichagua kwa kuinua mikono. Aliyekuwa akitetea kiti ndiye aliyeidhinisha mikopo, naye aliketi mbele akiwatazama wanachama huku katibu akipita safu kwa safu, akihesabu kwa ncha ya kalamu. Niliuona mkono wa jirani yangu, aliyekuwa ameniahidi kura yake, ukifika usawa wa bega kisha ukarudi mapajani. Ombi lake la mkopo wa karo lilikuwa bado mezani, kwa hiyo sikumlaumu. Lakini iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Wakenya wa rika langu wanalijua jambo hili. Katika mchujo wa wagombea wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa. Malalamiko yalizagaa kwamba waliokuwa na milolongo mifupi ndio waliotangazwa washindi, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, watu walipokwisha kwenda nyumbani hapakubaki kitu cha kuhesabu upya.

Hata hivyo, siri peke yake haitoshi. Mwaka 1992 kura ilikuwa ya siri, lakini Daniel arap Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36, kwa sababu Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana sehemu kubwa ya kura zilizosalia. Katiba ya 2010 imeziba pengo hilo: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, la sivyo duru ya pili ifanyike.

Nasi tulifanya hivyo, kwa katoni ya sabuni iliyozibwa kwa utepe na kutobolewa juu. Katika duru ya kwanza nilikuwa wa pili. Wa tatu alipotoka, wengi wa wafuasi wake walinipigia mimi, nikashinda. Ninajivunia ushindi huo kwa sababu hakuna aliyenichagua kwa kuogopa jicho la mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, andikeni kanuni hizi katika kumbukumbu za mkutano kabla majina ya wagombea hayajatajwa, maana yakishatajwa kila upande utapigania njia inayomfaa mtu wake. Msikubali kuinua mikono, hata mkiambiwa ni kuokoa muda. Kura zihesabiwe palepale, kila karatasi ikiinuliwa ionekane na wote, na mawakala watie sahihi kabla mtu yeyote hajatoka ukumbini.