Safari haiishii uwanja wa ndege: kwa wanaokuja kusoma Ujerumani

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja kuanza masomo Oktoba, najua akili yenu yote iko kwenye viza. Ni sawa. Lakini viza ikishatoka wengi hulegea. Wanakata tiketi ya bei ya chini kuliko zote, wanaagana na ndugu, na kile kipande kigumu cha kati ya uwanja wa ndege na kitanda cha kwanza kinabaki bila mpango wowote. Hapo ndipo hela huishia, mabegi husahaulika, na mtu hulala stesheni akiwa na barua ya udahili mfukoni.

Mimi nilishukia Milan nikielekea Göttingen. Nauli ya Dar hadi Milan ilikuwa chini kuliko ya Frankfurt, na nyumbani akiba ilikuwa imeshaingia yote kwenye akaunti inayotakiwa na ubalozi, ile inayofunga hela yako na kukupa kidogokidogo kila mwezi. Kwenye ramani si mbali. Kwa treni unaanzia Italia, unaikata Uswisi kusini hadi kaskazini, kisha unapanda Ujerumani hadi karibu katikati yake, na mabegi ni yako mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kushangilia nauli nafuu, piga hesabu hadi mlango wa bweni. Milan ina viwanja vitatu. Malpensa uko kama kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na ule wa Bergamo uko mbali vilevile, ila upande mwingine kabisa. Jumlisha treni ya kuingia mjini, treni ndefu, chakula, na usiku mmoja wa kulala ukikwama. Tofauti ikibaki ndogo, ongeza hela ushukie Frankfurt. Na ukiandika Frankfurt, hakikisha ni ile ya mto Main. Iko nyingine ya mto Oder, mpakani na Poland, nayo pia ina chuo kikuu.

Ukilazimika kupitia nchi nyingine, inawezekana kisheria. Viza ya masomo ya Ujerumani, ile ya aina ya D, inakuruhusu kupita nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoleana ukaguzi wa mipaka, kuelekea unakokwenda. Afisa wa Malpensa atataka kujua kwa nini unaingia Italia na viza ya Ujerumani. Jibu fupi linatosha: napanda treni kwenda chuoni. Mpe barua ya udahili, tiketi ya treni uliyokwisha kulipia, na mkataba wa chumba. Vyote viwe vimechapishwa. Simu ikizima mbele ya dirisha la uhamiaji hakuna atakayekutafutia chaji.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana nyumbani tunaambiwa kwamba ndani ya Schengen hakuna mpaka. Ukaguzi upo. Treni ya kutoka Milan kwenda Zurich inapita Chiasso, mpakani mwa Italia na Uswisi, na walinzi wa mpaka wa Uswisi huweza kuingia ndani. Ujerumani nayo ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Uswisi mwaka 2023, na Septemba 2024 ikauweka kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Katika behewa letu maafisa walianza na mimi, wakaenda kwa kijana mmoja aliyeonekana kuwa Mhabeshi, wakashuka. Wengine hawakuulizwa kitu. Inauma, na sitawaambia msiumie. Ninachowaambia ni kwamba pasipoti ikae mwilini, kwenye mkoba wa shingoni au mfuko wa ndani wa koti, pamoja na ile barua. Ukianza kusema iko chini ya begi kubwa, utafungua begi mbele ya behewa zima huku treni ikisubiri. Jibu kwa sauti ya kawaida, usishuke kitini bila kuombwa, na ukimaliza, kunywa maji utulie.

Uswisi ina jambo lingine ambalo halisemwi sana. Tangu Juni 2017, laini ya simu ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika katika nchi nyingine za Umoja bila gharama ya ziada, ndani ya mipaka fulani ya matumizi. Uswisi haimo kwenye Umoja. Ukinunua laini Italia na kuacha data imewashwa, salio linaweza kuyeyuka kabla hujafika handaki la Gotthard, lenye kilomita 57. Zima data kabla ya Chiasso. Pakua ramani, piga picha za tiketi, na andika kwenye karatasi jina la kila stesheni unayobadilishia na saa yake. Tiketi zinatumia saa 24, kwa hiyo 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku kwa hesabu yetu. Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani na Ujerumani, nao una stesheni kubwa mbili, SBB na Badischer Bahnhof. Usishuke kwa kusoma neno Basel tu.

Tiketi yenyewe nunua moja ya safari nzima kadiri inavyowezekana, au angalau moja kutoka Basel hadi mwisho. Ukiikatakata kwa wauzaji tofauti ili kuokoa euro chache, treni ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, hasara huwa yako. Kwenye tiketi moja una haki ya kupelekwa hadi mwisho kwa treni inayofuata. Sheria ya Umoja wa Ulaya pia inakupa robo ya nauli ukichelewa kufika kwa saa moja au zaidi, na nusu ukichelewa saa mbili au zaidi, isipokuwa kwa baadhi ya sababu zilizo nje ya uwezo wa kampuni. Mwombe kondakta athibitishe ucheleweshaji kwenye tiketi, na uitunze karatasi hiyo hata ukiwa umechoka.

Sisi tulichelewa Chiasso, tukachelewa tena baada ya Basel, na nilipofika Frankfurt treni ya mwisho ya Göttingen ilikuwa imeondoka. Usiku ule nilijifunza kuhusu Bahnhofsmission. Ni huduma ya makanisa iliyopo kwenye stesheni takriban 100 za Ujerumani. Wanatoa chai, mahali pa kukaa, mtu wa kukusomea ratiba, na hawaulizi dini wala hawalipishi. Saa za kufungua hutofautiana, kwa hiyo tafuta mapema ile ya stesheni utakayobadilishia. Sisi tumelelewa kuona haya kuomba msaada kwa watu tusiowajua. Haya hiyo iacheni Dar.

Kuhusu mizigo nitasema machache. Beba kile unachoweza kupandisha ngazi peke yako, kwa mkono wako, bila kupumzika. Vyeti halisi vya NECTA na vya chuo havikai kwenye begi la chini ya ndege. Nyama kavu na samli usibebe, kwa sababu bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kwa abiria. Dagaa wanaruhusiwa, hadi kilo 20 za samaki kwa mtu. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Mama akisisitiza, mwonyeshe aya hii.

Siku ya kufika ina uzito kuliko mnavyodhani. Funguo za bweni hutolewa na msimamizi wa jengo, mara nyingi kwa saa chache za asubuhi, siku za kazi tu. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa machache kama yale ya stesheni kubwa. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na ofisi hazifanyi kazi. Panga kufika Jumanne au Jumatano kabla ya mchana. Mwandikie msimamizi wiki mbili kabla, mpe namba ya treni, na muulize: nikichelewa, funguo zitakuwa wapi? Swali hilo moja limewaokoa wenzenu wengi.

Halafu hela. Akaunti ya ubalozi, ambayo tangu Septemba 2024 inahitaji euro 11,904 kwa mwaka, haikupi kitu siku ya kwanza. Inatoa euro 992 kwa mwezi, nayo huanza kulipa ukishakuwa na akaunti ya benki ya kawaida. Benki nyingi zitataka uthibitisho wa kuandikishwa makazi. Ofisi ya makazi inakutaka ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na inataka barua ya mwenye nyumba. Mlolongo huo unaweza kula wiki kadhaa, huku kodi, dhamana ya chumba na ada ya muhula vikidaiwa. Njoo na fedha za kuishi wiki sita nje ya ile akaunti. Kama familia haina, waambie chuo mapema kwa barua pepe, kabla hujapanda ndege. Vyuo vingi huwa na mtu wa wanafunzi wa kigeni anayeweza kuomba bweni likusubiri malipo.

Kwa sababu barua ya mwenye nyumba ndiyo inayofungua yote hayo, matapeli wanaiwinda. Mtu akikutumia picha za chumba kizuri kwa bei ndogo, akisema yuko nje ya nchi na atatuma funguo kwa posta ukishalipa dhamana, usilipe. Mwombe Mswahili yeyote aliyeko mji huo aende kukiona. Chama cha Watanzania au cha Wakenya kikikosekana, uliza msikitini au kanisani. Utampata mtu, na atakwenda.